Mgomo wa Wakongwe Sitini na Watatu

Jumatano, 4 Machi

Wamefanya tena! Hata mswaki sijapiga, nafungua Milki ya Mawe kwenye simu, nakuta toleo jipya. Mbuzi mwenye mabawa! Mchezo wa ngome na vita, mchezo wa watu wazima na akili zao, miaka kumi na miwili naucheza, leo wameleta mbuzi anayeruka. Ukimgusa anatikisa makalio. Nilimgusa mara tatu kuhakikisha.

Na si mbuzi tu. Zamani ukitaka ukuta unakwenda machimboni, unabeba jiwe moja, unarudi, unaliweka, unakwenda tena. Jiwe moja dakika kumi na moja. Ukuta mmoja, mwezi na zaidi. Huo ndio uliokuwa utamu wenyewe! Sasa mbuzi anabeba mawe hamsini kwa safari moja huku anaimba. Wabunifu wa mchezo huu nadhani hawajawahi kubeba kitu maishani mwao, hata mfuko wa vitunguu.

Kisha tangazo, chini kabisa, kwa herufi ambazo hata ubao wa kupimia macho wa duka letu la miwani hauna. Ngome yoyote ambayo mwenyewe hajaingia mchezoni kwa siku tatu mfululizo itahesabiwa gofu. Itabomolewa. Mahali pake patapandwa Bustani ya Sherehe, watu wadansi.

Ngome yangu ina ukuta wa kaskazini. Aliujenga marehemu kaka yangu, mwaka wake wa mwisho, akiwa kitandani na simu kifuani. Mawe mia mbili na kumi na mawili. Enzi hizo kila jiwe lilibaki na jina la aliyelibeba. Ukiligusa tu, linatokea: Kisigino. Ndilo jina alilojipa mchezoni. Kila asubuhi kabla ya chai napita pale nagusa moja. Leo waje watu na bustani yao? Thubutu!

Mke wangu, huku anafunga viatu, akauliza kwani shida iko wapi, mbona mimi naingia kila siku ya Mungu, hata siku ya harusi ya mdogo wake niliingia. Nikamwambia hajaelewa. Ni suala la msimamo.

Alhamisi, 5 Machi

Nimepata dawa yao. Mgomo!

Wazo lilinijia dukani, nikisaga lenzi za mshonaji mmoja mstaafu. Kundi letu la Wakongwe lina watu sitini na watatu, wote wa tangu enzi za kubeba jiwe mojamoja. Mimi ndiye mwenyekiti. (Nilijipendekeza mwenyewe, hakuna aliyepinga, mkutano ulikuwa na watu wanne.) Sote tukitoka kwa pamoja, kesho saa sita mchana mpaka Jumatatu saa sita mchana, Kampuni yenye mchezo itafungua vitabu vyake ikute dunia tupu. Watatetemeka. Mbuzi ataondolewa kwa aibu.

Siku tatu kamili. Kuna mmoja, muuguzi, aliandika kwenye kundi kwamba siku tatu ndizo hizohizo za kubomolewa, kwa nini tusigome siku mbili. Nikampa vidonge vyake. Siku mbili si mgomo, ni mapumziko ya mwisho wa wiki. Tena watathubutu kubomoa ngome sitini na tatu kwa mpigo? Hawana ubavu huo. Wote wakala yamini, mmoja mmoja, kwa maandishi. Nilijisikia mtu mkubwa.

Jioni shemeji akaja kwetu. Huyu ni kaka wa mke wangu, fundi bomba, na ana miaka miwili tu mchezoni. Miwili! Ngome yake nzima alipewa zawadi ya kujisajili. Akaketi mezani kwangu, akala chakula changu, akasema yeye mbuzi amempenda, anamfurahisha akiwa chini ya masinki ya watu. Amempa na jina. Sikumuuliza ni jina gani. Akaniambia hivyohivyo: Kifaru.

Hagomi, asema. Hana ugomvi na mtu.

Ijumaa, 6 Machi

Mgomo umeanza! Kiongozi lazima aonyeshe mfano, kwa hiyo mimi nilitoka mapema kuliko wote. Saa tano na dakika ishirini, wengine bado wanazurura ndani, mimi nimeshagusa jiwe moja la kaka, nikamwambia kimoyomoyo avumilie kidogo, nikafunga. Kwenye kundi nikaandika kwamba mwenyekiti ametangulia. Walinipigia makofi ya picha za viganja, kumi na saba.

Saa sita na robo mikono ikaanza kuniwasha.

Saa nane nilikata lenzi ya kushoto ya yule mshonaji nikaiweka kulia. Alipovaa akasema anaona mlango wa duka mahali penye kabati. Mwenye duka, mama mmoja asiyepandisha sauti hata siku moja, jambo ambalo ni baya zaidi, akaninyooshea kiganja. Nikaweka simu juu yake. Sasa simu yangu inakaa kwenye droo yake mpaka jioni, kila siku, hadi hapo atakapojisikia vingine.

Potelea mbali. Niko kwenye mgomo, simu ya nini?

Jumamosi, 7 Machi

Mgomo bila ukaguzi si mgomo. Nitajuaje kama hakuna msaliti? Mtu anaweza kula yamini kwa maandishi na huku anaingia kwa mlango wa nyuma. Watu nawajua.

Lakini mwenyekiti haingii mchezoni wakati wa mgomo wake mwenyewe. Basi nikatumia kompyuta ya dukani, ile ya kuandikia vipimo vya wateja, mwenye duka akiwa amekwenda kuchukua fremu mpya. Nikajisajili kama mtu mwingine kabisa. Jina: Mgeni Mwema. Nikapewa fulana nyeupe ya wageni, ngome ya bure, na mbuzi. Nikamkataa mbuzi. Hakataliki! Ananifuata.

Matokeo ya ukaguzi: hongera kwetu! Sikuona mkongwe hata mmoja. Malango yote yamefungwa. Ngome yangu imesimama, ukuta wa kaskazini uko vilevile. Nilitaka kugusa jiwe, nikajizuia.

Ila Bustani ya Sherehe ile ya mfano, pale katikati ya ramani, imejaa wageni wapya. Fulana nyeupe tupu! Kama arobaini hivi. Hawadansi. Wamesimama tu, wanatazama malango ya ngome za wakongwe. Mmoja anayejiita Mpita Njia akanisogelea akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nimemwona mkongwe yeyote leo. Nikamjibu mimi ni mgeni, hata sijui mkongwe ni kitu gani. Akasema na yeye vilevile. Tukaagana vizuri.

Watu wapya siku hizi ni wadadisi sana.

Jumapili, 8 Machi

Dukani hakufunguliwi leo. Simu nilirudishiwa jana jioni, lakini simu ina jina langu la kweli, na kiapo ni kiapo. Mke wangu ana kompyuta yake ya kazini. Nikamwambia naangalia hali ya hewa. Akasema dirisha lile pale.

Ukaguzi wa pili. Wageni wamefika sitini na ushee! Na wana tabia za ajabu. Mmoja alikuwa anakwenda machimboni kwa miguu, anabeba jiwe moja, anarudi, huku mbuzi wake anamfuata mikono mitupu, kama mbuzi ana mikono. Nikamwuliza nani kamfundisha. Akasema hakuna, amejisikia tu. Mwingine alikuwa akilalamika peke yake kwamba rangi ya anga ya zamani ilikuwa nzuri zaidi. Mgeni wa jana, anaijua wapi anga ya zamani?

Ninachojua ni kwamba kizazi kipya kina ladha kuliko wabunifu. Nimewaandikia Wakongwe kwenye kundi kwamba mgomo umeshika barabara, hakuna msaliti, nina vyanzo vyangu. Muuguzi akajibu upesi kwamba hata yeye ana vyanzo vyake vinasema hivyohivyo. Mwalimu wa hesabu naye ana vyanzo. Kila mtu ana vyanzo. Tumejipanga vizuri kuliko nilivyodhani.

Mke wangu alipita nyuma yangu akauliza hali ya hewa gani hii ina mbuzi.

Jumatatu, 9 Machi

Sijui nianzie wapi.

Saa tano mchana nilikuwa kwenye kompyuta ya dukani kama Mgeni Mwema, kwa ukaguzi wa mwisho. Mpango wangu: saa sita kamili mwenye duka anakwenda kula, ananipa simu kwa nusu saa, naingia kwa jina langu, nakuta Kampuni imepiga magoti. Nikasimama mbele ya ngome yangu mwenyewe, kwenye lango, na fulana yangu nyeupe, nasubiri.

Saa tano na dakika ishirini na moja, mnara ukatikisika.

Nikadhani ni kompyuta. Nikaipiga kofi. Kisha nikaelewa. Saa sita ilikuwa ya mgomo. Ya Kampuni ilihesabiwa tangu mtu alipotoka. Na mimi, kiongozi, mfano bora, nilitoka saa tano na ishirini!

Nikamkimbilia mwenye duka. Alikuwa anampima mteja macho. Nikamwambia nataka simu, ni kufa na kupona. Akauliza ni nani mgonjwa. Nikasema ukuta. Akamgeukia mteja akamwambia asome mstari wa tatu.

Niliporudi mezani, ukuta wa magharibi umekwisha, wa mashariki umekwisha. Wa kaskazini ulianguka wa mwisho. Kila jiwe likianguka lilikuwa linaonyesha jina. Kisigino. Kisigino. Kisigino. Mimi nimesimama pale na mbuzi kando yangu, naye anaimba, hana haya.

Halafu ndipo nilipoona. Wale wageni wote waliokuwa bustanini wakatoweka kwa dakika moja. Fulana nyeupe hata moja haikubaki. Na kwenye malango ya ngome za wakongwe, moja baada ya nyingine, wakatokea wenyewe! Muuguzi. Mwalimu wa hesabu. Dereva wa lori. Wote sitini na wawili, wameona yangu inavyokwenda, wamekimbia kuziokoa za kwao. Wasaliti! Siku tatu nzima wamekuwa ndani kwa majina ya uongo! Mtu anawezaje kuwa na moyo wa hivyo?

Saa saba Kampuni ikatoa tangazo. Inashukuru. Haijawahi kupata wageni wapya wengi hivi kwa mwisho mmoja wa wiki tangu mchezo uanze, sitini na watatu, na inaamini ni kwa sababu ya mbuzi. Mbuzi wataongezwa.

Sitini na watatu. Nilihesabu mara mbili. Na mimi nimo.

Jumanne, 10 Machi

Nililia. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Niliingia stoo ya dukani, katikati ya maboksi ya fremu, nikalia kama mtoto. Si kwa sababu ya mnara, mnara nitajenga. Kaka hatabeba tena jiwe. Mwenye duka alifungua mlango, akaniona, akaufunga polepole. Baadaye nikakuta simu yangu juu ya meza.

Jioni shemeji akaja, mikono bado inanuka mabomba. Nilitaka kujifanya nimelala, na jua bado liko juu. Akaketi. Akasema jana alikuwa chini ya sinki la mtu, simu ikamwambia ngome ya jirani inabomolewa. Mawe hubaki chini muda mfupi kabla ya kufagiwa. Akaacha bomba linavuja, akamtuma Kifaru. Safari moja tu aliwahi. Mawe hamsini. Yako kwenye uwanja wake, ameyafunika, nikayachukue.

Nikayaangalia moja moja mbele yake. Arobaini na matatu ni ya Kisigino. Saba ni ya kwangu, ameokota bila kuangalia, ndivyo walivyo hawa wa mbuzi, kazi ya harakaharaka. Nikamwambia hivyo. Mke wangu akanitolea macho, macho ambayo nimeyaona mara mbili tu katika ndoa hii.

Nikasema asante. Niliisema nikielekea kabatini, lakini niliisema. Halafu nikakaa nayashika mawe yale kwenye simu, jina linatokea, nayashika tena, na shemeji akala chakula chote bila mimi kumwambia neno.

Alhamisi, 12 Machi

Ukuta umesimama! Mdogo, unafika kiunoni, mawe arobaini na matatu, kwenye kiwanja kipya nilichopewa kwa jina langu la kweli. Niliyahamisha kwa mkono, moja moja, dakika kumi na moja kila moja, siku mbili bila kupumua. Shemeji alinipa Kifaru bure, nikamkatalia. Leo asubuhi kabla ya chai nimegusa jiwe moja. Kisigino. Nafsi ikatulia.

Kisha nikasoma tangazo jipya. Kuanzia wiki ijayo mbuzi watavaa kofia.

Kofia!

Hapana. Huku ni kutuchezea. Nimeitisha mkutano wa Wakongwe, nimewasamehe wote ili wapige kura, na nimewaeleza pasipo kuficha kilichotuangusha: siku tatu zilikuwa chache mno. Safari hii ni tano. Muuguzi akaanza tena habari zake za siku tatu na gofu, nikamfungia nje ya kundi. Tunaanza kesho saa sita mchana, na mimi, kama kawaida ya kiongozi, nimeshatoka leo.

Ukaguzi nitaufanya mwenyewe. Nimejisajili upya. Jina: Mpenda Kofia. Hakuna atakayenishuku.