Jumba la Kula Pamoja la Agarimui

Mheshimiwa Naibu Mwenyekiti wa Baraza la Mji, ambaye hayupo lakini ametuma salamu. Mheshimiwa Katibu wa Kamati ya Salamu. Waheshimiwa wazee wetu wa Agarimui mliovuka miaka tisini, ninyi mliovuka themanini, na ninyi vijana wa miaka sabini mliosimama huko nyuma. Wadau wa maendeleo, na wadau wa hao wadau. Mabibi na mabwana, pamoja na yule mbwa anayenitazama kwa jicho baya: itifaki imezingatiwa. (Makofi machache. Mbwa anabweka.)

Kwa wale wasionifahamu, ambao kwa mujibu wa takwimu ni wachache mno, mimi ni Tomoyose Kenshun, Mkurugenzi Msaidizi wa Idara ya Ulaji Tambuzi na Mahusiano Chanya na Chakula, idara ambayo niliiasisi mwenyewe, nikaipa jina mwenyewe, na siku ya uzinduzi nikajipigia makofi mwenyewe, kwa kuwa mvua ilizuia wageni kufika. Leo nimesimama mbele ya pazia hili jeupe, ambalo nyuma yake, punde si punde, mtalishuhudia Jumba la Kula Pamoja mlilolingoja kwa subira ya kupigiwa mfano. (Sauti: “Miaka mitatu!”) Miaka mitatu, ahsante sana kwa kunikumbusha, miaka mitatu ya mchakato shirikishi.

Ndugu zangu, mradi huu haukushuka kutoka mbinguni. Ulianza na barua ya Bibi Kamado, yule pale mwenye kofia ya majani, mwenye miaka tisini na mmoja, na kwa ruhusa yake nitaisoma. (Bibi Kamado: “Ruhusa uliomba lini?”) Anasema hivi: “Mkurugenzi, tangu mzee wangu afariki, nakula nimesimama jikoni, kwenye sinki. Nafungulia televisheni ili nisikie sauti ya mtu. Nikimaliza sikumbuki kama nimekula tango chungu au nimekula tofu. Wenzangu nao ni hivyo hivyo, kila mmoja na sinki lake. Tunaomba chumba kimoja, meza, na mtu wa kuniuliza kama chumvi imezidi.” (Mama mmoja anajifuta macho kwa kitambaa cha kichwani.)

Barua hii ilinigusa sana, nikaipiga muhuri. Kisha nikaipeleka kwenye upembuzi yakinifu, tukafanya semina elekezi kumi na saba, warsha tisa za kujengeana uwezo na ziara moja ya mafunzo katika hoteli ya ufukweni, ambako wataalamu walitufundisha kuiweka zabibu moja kavu ulimini kwa dakika kumi bila kuitafuna, ili tuijue. (Bibi Kamado: “Mkaijua?”) Tuliijua sana, Bibi. Mimi binafsi yangu niliijua hadi nikasinzia. Matokeo ya tathmini yanaonyesha kwamba asilimia tisini na sita ya washiriki walirudi wakiwa na uhusiano ulioboreka na zabibu, na asilimia nne walirudi na mafua. (Vicheko.)

Sasa naingia kwenye kiini. Babu zetu hapa Okinawa walituachia neno moja kubwa kuliko semina zote: hara hachibu. Kula mpaka tumbo lijae sehemu nane kati ya kumi, kisha weka vijiti chini. Ulimwengu mzima unatuonea gere kwa neno hili. Nami nikajiuliza, kwa nini hekima nzito namna hii iishie tumboni? Kwa nini isiingie maofisini? (Sauti: “Mama yangu weee!”) Ndipo nikatoa waraka, wa kwanza wa aina yake, unaoelekeza kila ngazi ya utekelezaji kuzingatia hara hachibu. Kila ofisi inayopokea chochote kwa ajili ya Jumba hili ipeleke mbele sehemu nane tu kati ya kumi, asije akavimbiwa yule anayepokea.

Utekelezaji ulikuwa wa kutia moyo kupita kiasi! Tulipanga viti mia moja. Ofisi ya kwanza ikapeleka themanini. Ya pili ikapeleka sitini na nne, kwa nidhamu ya hali ya juu. Ya tatu ikapeleka hamsini na kimoja na mguu wa kiti, na barua ndefu kuhusu mguu. Sitaki kuwachosha kwa hesabu, itoshe kusema kwamba ofisi zilikuwa ishirini, na kiti kilichofika Agarimui ni hiki hapa nilichokalia kabla sijasimama. Ni kiti imara. (Bibi Kamado: “Na zile sehemu mbili za kila mahali, nani alikula?”)

Naomba mwongozo wa kiutaratibu, Bibi, maswali ni mwishoni. (Bibi Kamado: “Mimi nina miaka tisini na mmoja, mwishoni ni sasa hivi! Babu zetu walisema uache wewe mwenyewe kula, hawakusema umwachishe mwenzio!” Vifijo. Mzee mmoja anapiga mluzi kwa vidole.) Nawasikia, nawasikia. Bibi anazungumza kwa hisia, na hisia ni mdau muhimu.

Naomba pia wale kina mama wa mstari wa mbele wafunge vikapu vyao. Naona vikapu vinafunguliwa. Hatuwezi kula wakati tunazungumzia kula, itachanganya ujumbe. (Hakuna anayefunga kikapu. Viazi vitamu vya zambarau vinatoka, na wali uliofinyangwa, na mwani, na bakuli la Bibi Ushi la nguruwe aliyechemshwa mpaka akalainika. Bibi mmoja kwa mwenzake: “Onja hii, mwali, nimeikosea?” Mwenzake: “Chumvi imezidi kidogo.” Bibi wa kwanza: “Muongo mkubwa wewe! Leta bakuli lako.”)

Ninaendelea. Kufikia robo ya tatu ya mwaka ujao, tunatarajia kila mkazi wa Agarimui awe anatafuna kila tonge mara thelathini, na idara yangu itaajiri wahesabuji wa kutafuna, kipaumbele kikiwa kwa... Bibi Kamado, unakwenda wapi? Bibi, hilo pazia lina ratiba! Linafunguliwa kwa kamba na mgeni rasmi, na mgeni rasmi ni mimi! (Bibi Kamado anavuta. Pazia linaanguka. Nyuma yake ni miwa, na nyuma ya miwa ni miwa zaidi. Kicheko kimoja, kisha vya wote.)

Kama mnavyoona, mandhari ya Jumba ni ya kuvutia. (Sauti: “Debe tupu wewe!”) Napokea maoni hayo kwa mikono miwili. Kwa kuwa muda si rafiki, naruka kurasa ishirini na mbili, naingia kwenye kaulimbiu, mtaitikia kwa nguvu. Nikisema “Kula kwa”, mnasema “utulivu”! Kula kwa... (Vinywa vyote vimejaa.) Nikisema “Chakula ni”, mnasema “rafiki”! Chakula ni... (Mzee mmoja, akitafuna: “Kitamu.”)

Basi nimalizie kwa shukrani. Namshukuru Mzee Kyan, mwenye shamba hili la miwa, kwa kutuazima ukingo wa shamba lake hadi saa sita, maana baada ya hapo anavuna, na kwa kweli hatukuwahi kumwomba eneo lolote zaidi ya ukingo huo. Nalishukuru duka la mapazia. Namshukuru kwa namna ya pekee mchoraji wa ile picha ya Jumba iliyochapishwa kwenye mialiko yenu, kwa kuwa ndiye mtu pekee aliyewahi kuingia ndani yake, naye aliingia kwa penseli. Na nawashukuru ninyi, kwa kuwa bila uvumilivu wenu mradi huu usingeweza kutokuwepo kwa miaka yote mitatu.

(Hakuna makofi. Bibi Kamado amekaa chini kwenye majani, bakuli liko mapajani, wanane wamemzunguka. Anakula polepole. Anafumba macho. “Nguruwe wa Ushi huyu,” anasema, “ametiwa tangawizi.” Anafungua macho, analia, na hajifichi. “Kesho, hapa hapa, saa sita. Kyan, utavuna upande ule kwanza?” Mzee Kyan: “Nitaanza kule kule, dada.”)

Kwa mamlaka niliyopewa, basi, natangaza kwamba Jumba la Kula Pamoja la Agarimui limefunguliwa rasmi, na kwamba kesho, kwa heshima na taadhima, nitarejea kutoa taarifa ya utekeleza...

(Bibi Kamado: “Njoo, mwanangu, karibu sana. Lakini usije na karatasi. Njoo na mchele.”)