Dimbwi Namba Arobaini na Saba

Ninayo heshima kuutangazia umma kwamba vita dhidi ya mbu katika kata yetu vimeingia awamu ya pili, yaani awamu ya kuorodhesha. Mimi, Katibu wa Kamati ya Madimbwi, ndiye niliyebuni mfumo wenyewe. Kila dimbwi linapewa namba, kibao na faili. Viluwiluwi vya mbu vinachotwa na kuwekwa kwenye chupa ofisini, vikiwa hai, kama vidhibiti, yaani ushahidi, hadi kikao kikae. Ni marufuku kugusa dimbwi lenye namba. Utafukiaje kitu kinachochunguzwa?

Shida ilianza na Namba 47. Lilikuwa nyuma ya ofisi, hatua sita kutoka dirisha la dobi anayemfulia Mkurugenzi wetu mashati. Lilitokea baada ya kifusi cha jengo letu jipya kuziba mtaro, jambo ambalo nimeliweka kwenye faili chini ya "sababu za kimazingira".

"Mwanangu, nipe ruhusa nilifukie," dobi aliniambia, mikono inanuka sabuni. "Mjukuu wangu ameugua malaria mara mbili tangu mvua zianze. Juzi ameshikwa na degedege nimempakata. Ya tatu itaniulia mtoto."

"Pole sana, mama. Ombi lako limepokelewa. Ni siku tisini za kazi."

"Na mbu wanazijua hizo siku tisini?"

Nilimweleza kwamba mbu si wadau. Akaniangalia kama anavyoangalia doa lililogoma kutoka. Nakiri niliona haya, lakini muhuri niligonga.

Jumamosi akina mama wa mtaa wakaja na matoroli, makarai na ndoo zilizotoboka. Kufika saa saba mchana kifusi chetu chote kilikuwa kimefukia dimbwi, mtaro unatiririka, na juu ya kibao changu limeanikwa shati la Mkurugenzi.

Mkurugenzi alikuja juu. "Wameharibu ushahidi! Na kifusi ni mali ya serikali! Mwandikie huyo dobi barua, arudishe vyote viwili, kifusi na dimbwi."

Niliandika, nakala tano. Chupa ya 47 nikaipanga kwenye rafu ya Mkurugenzi pamoja na zile arobaini na sita. Zamani zilikuwa na vifuniko, lakini kikao kiliamua viondolewe ili vidhibiti visikose hewa.

Wiki tano baadaye Mkurugenzi aliingia kazini na sweta mbili, jua la mchana likiwaka. Meno yalikuwa yanagongana.

"Mwaga hizo chupa," alisema.

"Bosi, zina namba."

"Mwaga, nimesema!"

"Kugusa kidhibiti ni kosa. Waraka una sahihi yako, bosi." Nikampa fomu. Alijaribu kuijaza, kalamu ikamtetemeka mkononi hadi jina lake likawa halisomeki, nami nikalazimika kuirudisha.

Hapo ndipo dobi alipoingia na mashati yaliyonyooshwa, barua yetu mfukoni. Alikuja kuuliza dimbwi linarudishwaje. Akaiona rafu, kisha akamwona mwenye rafu.

"Mjukuu hajambo?" Mkurugenzi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hajambo kabisa. Anacheza pale dimbwi lilipokuwa."

"Mama, tafadhali. Nisaidie kuzimwaga."

Dobi akaweka mashati mezani, akavuta kiti, akakaa, akakunja mikono.

"Ombi lako limepokelewa," akasema.

Mkurugenzi aliinamisha kichwa. Kwa mara ya kwanza nilimhurumia, na nadhani hata dobi alimhurumia, maana alikunja mikono ya gauni na kuanza kubeba chupa, mbilimbili, kwenda kuzimwaga juani.

"Na wewe baba, nenda kapime damu," alimwambia akipita. "Leo, si siku ya tisini."

Nilifungua mdomo kumkumbusha utaratibu. Mbu mmoja akatua kwenye mkono wangu ulioshika muhuri. Nikamtandika kofi, akafa papo hapo. Fomu sikujaza.