Siku Mtani Alipokililia Kitabu Changu

Wenzangu mlioko Dar, leo nimeaibika Songea mpaka masikio bado yana moto. Niko kwenye kafe ya intaneti hapa mjini, sijavua hata gauni la uzinduzi wa kitabu changu. Nawaandikia sasa hivi, kabla sijapata akili ya kunyamaza.

Nianze na usingizi, kwa sababu sikuupata. Swali lililoninyima usingizi lilikuwa moja: nisome riwaya yangu kwa mdomo wangu mwenyewe, au nijifanye sauti imekauka nimwachie mtu mwingine? Mchapishaji wangu, Mama Rehema, alikuja na maboksi ya vitabu kutoka Dar na akaniambia wazi. Akiona naweza kusimama mbele ya watu wa kwetu na kusoma, atanipeleka kwenye tamasha la vitabu la Dar. Nikishindwa, hanipeleki. Jambo rahisi. (Kwangu hakuna jambo rahisi. Nilifikiria mpaka namna ya kushika maiki. Nikiishika chini nitaonekana sijiamini, nikiishika juu nitaonekana mwimbaji wa bendi.)

Asubuhi ukungu ulikuwa umeimeza milima yote ya Matogoro. Nikatoka nyumbani kama mtu aliyeamshwa nusu. Baridi, udongo mwekundu, moshi wa majiko ukitambaa chini, na sentensi zangu zikinitangulia njiani. Sura ya saba inatokea ndani ya ukungu ule ule. Damiani, shujaa wangu, mrefu na mpole, anamfuta msichana matone ya ukungu kwenye nyusi na hasemi neno. Nilipokuwa naiandika sura ile chai ilikuwa inafanya utando mbele yangu, nami sina habari. Basi leo njiani ikanirudia. Woga ukanitoka. Nikajiona nimeshakuwa mwandishi, natembea ndani ya kitabu changu mwenyewe.

Nilimpita shangazi Tekla bila kumwona, ikabidi anishike mkono. Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba, akanitazama juu hadi chini, akaniuliza kama waandishi siku hizi wanazindua vitabu na kandambili.

Nikarudi kuvaa viatu.

Ukumbi wa parokia ulijaa. Walimu, wanakwaya, akina mama wa jumuiya, na wakulima wa tumbaku kutoka Namtumbo waliokuja mjini kwa shughuli zao wakaona viti vitupu. Kwenye spika alikuwa Bosco, fundi redio wa Ruhuwiko. (Kwenu siwezi kuficha. Nyusi za Damiani nimezitoa kwake. Na urefu. Na upole. Mwenyewe hajui. Maneno marefu kuliko yote aliyowahi kuniambia ni kwamba redio ya baba inataka betri mpya.)

Mshereheshaji akamkaribisha mchambuzi wa kitabu, mwalimu mstaafu anayeitwa Kalinga, mtu wa Iringa aliyehamia Songea zamani. Mimi nilisikia neno "mchambuzi" tu. Baada ya hapo masikio yaliziba. Jina halikuingia, wala kwao.

Mwalimu Kalinga akaja mbele na khanga begani. Akakifunika kitabu changu kwa ile khanga, akakilaza mezani, akaketi sakafuni na kuanza kulia kama aliyefiwa. Ukumbi ukaanza kucheka. Akafuta macho makavu, akasema marehemu alikuwa na afya nzuri mpaka alipoangukia mikono ya Wangoni. Akasema alianza kuugua ukurasa wa kwanza. Akataka wafiwa wampe chakula kabla ya mazishi.

Mtoto yeyote wa Kingoni anajua hapo kuna nini. Wahehe wa Iringa ni watani wetu. Kwenye misiba yetu wanakuja kulia kwa uongo, wanamwigiza marehemu, wanakalia sufuria ya wali mpaka wapewe chochote, na wewe unacheka huku machozi yanakutoka. Nimeyaona hayo tangu utotoni. Ila sikuwahi kuona mtu akikitania kitabu. Na chuo kikuu nilisoma uhakiki. Kwa hiyo nikatoa kalamu nikaandika: "Kitabu kinaugua mwanzoni. Muundo?"

Mwalimu akasimama, akafungua sura ya saba, akawaambia watu kwamba humu kuna Mngoni mrefu, mpole, anayemfuta mwanamke uso. Yeye kaishi na Wangoni miaka yote hii na hajamwona. Lazima mwanamume huyu kaibwa Iringa.

Watu wakashika mbavu. Mimi nikasikia kitu kimoja: riwaya yangu haina uhalisia. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko yote. Nikainuka, nikachukua maiki, nikaanza kutetea ujenzi wa wahusika. Nilieleza kwa kirefu. Vicheko vikafa kimoja kimoja, na mimi nikadhani wananielewa.

Mwalimu Kalinga alikuwa anafurahi kupita kiasi. "Basi tuonyeshe, binti," akasema. "Mngoni huyo yuko wapi?"

"Yupo," nikasema kwenye maiki. "Amesimama pale kwenye spika."

Shingo zote zikageuka. Bosco alikuwa ameshika nyaya mbili. Spika ikapiga yowe, kisha ikanyamaza.

Shangazi Tekla hakuhitaji maiki. "We mtoto, huyo ni mtani wako! Anakutania!"

Yaani nimemtangazia mwanamume mapenzi kwa kipaza sauti, mbele ya kwaya, kwa kujibu utani.

Nikaelekea mlangoni. Nilishapanga kusema nina malaria. Lakini mtani alikuwa ameniwahi, amekaa kizingitini, miguu kainyoosha, kitabu changu kakipakata kwenye khanga. Akasema mfiwa hatoki bila kutoa kuku. Halafu akashusha sauti, bado anacheka: "Unakwenda wapi? Wote wamekaa wanakusubiri wewe."

Nikageuka. Ni kweli, hakuna aliyeinuka. Mama Rehema alikuwa ameegemeza kidevu mkononi, ananitazama. Nikatafuta kitu cha kuogopa, kama ninavyofanya siku zote, nikakikosa. Vyote vilikuwa vimeshatokea.

Nikakifunua kitabu nikakichukua. Nikamwambia mtani kwamba marehemu amefufuka, kwa hiyo kuku atatoa yeye. Ukumbi ukalipuka.

Nikasoma sura ya saba. Kwa mdomo wangu. Baada ya mistari ya mwanzo ukungu ukaingia ukumbini polepole, ukafunika viti, ukafunika watu, nikabaki mimi na wale wawili mlimani. Sijui maiki niliishika wapi. Bosco hakuinua kichwa hata mara moja. Ila kila niliposhusha sauti, yeye aliipandisha.

Baadaye Mama Rehema akaniuliza kama niko tayari kwa Dar. Nikajibu ndiyo kabla sijafikiria, na nimetoka kukata tiketi ya basi sasa hivi, nisije nikafikiria.

Anayetaka kunicheka anisubiri hukohuko Dar. Na anunue kitabu kwanza.