Kampuni ya Jicho la Dada

Jumatatu, 3 Machi

Fundi simu wa ng'ambo ya barabara ametundika cheti. Amekitia kwenye fremu na kukiweka juu ya chaja na makava ya simu, mahali ambapo mpita njia hawezi kukikwepa. Serikali imemtambua kuwa kampuni changa ya teknolojia. Kampuni! Yeye na bisibisi yake.

Nilikwenda kukisoma, mikono nyuma, kana kwamba napita tu. Akanieleza bila kuulizwa. Kuna sera mpya. Mwenye wazo la teknolojia, au mwenye biashara ndogo inayotaka kukua, anajaza fomu. Akikubaliwa anapewa chumba bure kwa miaka miwili katika jengo jipya la manispaa, umeme usiokatika, na wataalamu wa kumwongoza. Nikampa hongera kwa sauti ya kawaida kabisa. Kinyongo nikarudi nacho.

Mchana alikuja kwa dada kupunguziwa suruali. Dada ni fundi cherehani, kanizidi miaka sita. Mimi nampigia pasi na kumshonea vifungo tangu biashara yangu ya kukodisha viti ilipokufa. Dada hakugusa hata futi iliyokuwa shingoni mwake. Alimtazama tu fundi simu pale mlangoni, akamwambia tumbo limeongezeka inchi mbili, hiyo suruali ya kuachiwa, si ya kupunguzwa. Nikampima kuhakikisha. Inchi mbili kamili.

Wazo likanijia palepale. Nikaunguza shati la watu.

Jumanne, 4 Machi

Kampuni yangu inaitwa Kipimo Janja. Mteja anatuma picha yake kwa simu, akili bandia inaikagua na kurudisha vipimo vyote: kifua, kiuno, bega, urefu wa mkono. Hakuna tena kushikwashikwa na futi. Akili bandia yenyewe sina. Nina dada.

Sijamwambia. Nitamwonyesha picha na kumuuliza anawaonaje hao watu. Si dhambi mtu kumuuliza dada yake swali.

Fomu imenilia asubuhi nzima. Wafanyakazi: watatu. Mimi mkurugenzi, dada mkuu wa takwimu, mama mshauri. Mama tunaishi naye nyuma ya karakana ya ushonaji, na kwa miaka arobaini na moja ushauri wake kwangu umekuwa mmoja tu: nitulie. Penye anwani ya ofisi nikakwama, maana ofisi sina. Nikaandika anwani ya karakana ya dada. Chini yake kulikuwa na maelezo fulani kuhusu anwani, lakini yameandikwa kwa herufi ndogo, na miwani ya mama ilikuwa chumbani.

Kumbe dada naye ana fomu hiyohiyo, upande wa biashara ndogo. Ataipeleka kesho akimaliza sare za shule alizoahidi. Ana cherehani mbili za umeme zilizofunikwa shuka tangu mwaka juzi, kwa sababu akiziwasha pamoja mtaa mzima unaingia gizani. Akipata chumba kile zitafanya kazi. Amekitamani tangu jengo likiwa msingi, na huzunguka njia ndefu ya kwenda sokoni ili tu apite kulitazama. Nikamtakia kila la heri, kwa moyo mweupe kabisa. Kisha nikawahi kupeleka yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Ofisi ya manispaa imenitumia jaribio. Picha za watu watano, wanataka vipimo vyao kabla ya adhuhuri. Nikamsogelea dada na simu, nikasema ni marafiki zangu, anawaonaje. Alikuwa na pini mdomoni. Akanitajia vipimo huku akikunja pindo, mmoja baada ya mwingine, kama anayesoma orodha ya sokoni. Wa tatu, akasema, anavuta tumbo ndani, mwongezee inchi moja na nusu.

Nikaandika yote, na la tumbo pia. Ofisi ikajibu kwamba wataalamu wamestaajabu. Mashine yangu imegundua hata mtu aliyebana pumzi! Hakuna nchi iliyofika hapo, wamesema. Nikawajibu kwamba bado tunaiboresha.

Lakini dada akaniuliza hao watano wanataka kushona lini. Nikasema huenda, huenda, hivi karibuni. Akafurahi. Akachukua daftari, akaandika nguo tano kwa mkono wake mzuri, akasogeza vitambaa rafuni ili nafasi ipatikane. Akanishukuru kwa kumtafutia wateja. Nikaenda kupiga pasi shati lililokwisha kupigwa pasi.

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi, ujumbe kwangu: Kipimo Janja imevuka hatua ya pili. Nilimpitia fundi simu mara tatu mpaka akaniuliza kuna nini. Nikamwambia. Akanipongeza, kisha akauliza kampuni yangu itajibuje siku ambayo dada yupo sokoni. Mtu huyu ana roho mbaya.

Adhuhuri, ujumbe kwa dada: maombi yamekataliwa, anwani hii ina mwombaji mwingine.

Aliusoma mara mbili, akanipa na mimi niusome, labda macho yake yamemdanganya. Macho yake! Nikachukua miwani ya mama, nikazisoma zile herufi ndogo kwenye nakala ya fomu yangu. Anwani moja, mwombaji mmoja. Wameweka hivyo kwa sababu watu walikuwa wanasajili kampuni kumi katika jiko moja. Watu wengine hawana haya.

Dada alikaa kwenye kigoda chake bila kushona. Sijawahi kumwona amekaa pale bila kushona. Mwishowe akasema kompyuta imekosea tu, hakuna mtu mwingine hapa zaidi yetu sisi watatu. Mimi nikaitikia. Ndiyo, nikasema, sisi watatu tu.

Jumanne, 11 Machi

Dada kaniomba nimwandikie barua ya malalamiko, kwa kuwa mimi ndiye mwenye lugha ya ofisini. Ningekataaje? Nikaandika. Mwanzoni niliandika kwa upole, lakini alikuwa amesimama nyuma yangu akitaka makali zaidi, na mimi kalamu ikishika moto sijui kuizuia. Nimemwita huyo mwombaji mwingine tapeli asiye na soni, kupe anayeishi kwa jasho la mwenzake. Nimeomba achukuliwe hatua kali. Ni barua nzuri sana. Sijawahi kuandika barua nzuri kama ile.

Nilijitolea kuipeleka mwenyewe, nikikusudia ipotee njiani. Dada akasema la, nimeshahangaika vya kutosha kwa ajili yake, atakwenda kwa miguu yake. Akavaa gauni lake la sherehe akaenda.

Nimeona haya. Mtu akikushukuru kwa kumchimbia kaburi, unaona haya.

Jumatano, 12 Machi

Nimeamua kujitoa. Kabisa. Nimekwenda mpaka kwenye ngazi za ofisi. Kwenye ubao nimekuta kanuni: anayejitoa baada ya hatua ya pili hataruhusiwa kuomba tena kwa miaka mitatu. Miaka mitatu! Nikarudi kufikiri upya.

Nilipofika nyumbani, ujumbe: afisa atafika Ijumaa saa nne kukagua kampuni na kuiona ikifanya kazi. Nimefikiri hivi. Nikipita kesho kutwa nitapewa chumba, na nikipewa chumba nitampa dada kona. Kona kubwa. Kwa hiyo kutojitoa ndiko kumsaidia dada. Nimemwambia kuna mteja mkubwa atatuma picha Ijumaa kwenye simu yake, ajibu haraka, na kuna mgeni atakuja, asimjali.

Nimekula vizuri kidogo.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeumbuka. Naandika hili mlango nimeufunga.

Afisa ni mwanamke wa makamo, mpole, mkoba mzito begani. Alifika saa nne kamili na majalada mawili. Nikampa kiti na kumweleza akili bandia jinsi inavyojifunza. Dada alikuwa meza ya pili, hatua nne kutoka pale, anakata kola. Afisa akaomba apimwe yeye mwenyewe. Nikampiga picha, nikabonyeza kutuma.

Simu ya dada ikalia.

Niliisahau sauti. Kila kitu nimekipanga, sauti nimeisahau. Dada akaitazama picha, akainua macho akamtazama afisa, akamtazama tena. Halafu, kwa kuwa ni fundi na hawezi kujizuia, akamtajia vipimo vyote kwa mdomo. Akaongeza kwamba bega la kushoto limeshuka kwa sababu ya mkoba, awe anabadilisha bega, la sivyo kila gauni litamkaa upande.

Afisa akauteremsha mkoba polepole. Hakukasirika, ningependa angekasirika. Akatoa fomu yangu, akatoa na ile barua, akaziweka sambamba mezani. Mwandiko mmoja. "R" zangu zile zenye mkia. Akasoma kwa sauti, tapeli asiye na soni, kupe, akauliza kwa heshima kama ni mimi niliyeandika zote mbili.

Dada alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye mto wake wa pini, mpaka zikaisha. Akasema, wala hakunitazama, alikitazama kitambaa, kwamba wahenga walisema kweli, kikulacho ki nguoni mwako. Kisha akaniuliza kama wale watu watano watakuja kushona au hawapo. Nikasema hawapo. Akachukua daftari akafuta mistari mitano.

Hilo la daftari ndilo lililonimaliza. Natamani angenipiga.

Afisa akaeleza kwamba fomu ya dada inaweza kufunguliwa tena iwapo mimi nitatia saini kujitoa kabla ya saa sita, maana orodha ya vyumba inafungwa leo. Saa ilikuwa tano na robo. Nikauliza kama ile miaka mitatu inaweza kuwa miwili. Nikauliza kama ninaweza kubaki mbia. Nilijisikia nikiuliza, na sikuweza kunyamaza. Mama, aliyekuwa mlangoni muda wote, akasema nitulie nitie saini. Nikatia. Kalamu ilikuwa ya dada.

Jumatano, 19 Machi

Dada kapata. Chumba namba saba, ghorofa ya chini, dirisha kubwa. Afisa mwenyewe ndiye aliyeandika pendekezo: fundi apimaye kwa jicho, asaidiwe kukua.

Kwa siku tano dada alikuwa hasemi nami ila kupitia kwa mama. Mwambie mwanao pasi imepoa. Mwambie mwanao kifungo hicho kimekaa vibaya. Sawa, nimestahili. Leo nimebeba cherehani zote mbili mgongoni, moja moja, mpaka chumba namba saba, bila kuombwa. Fundi simu, ambaye ni jirani wa dada huko sasa, akanishikia mlango. Hakusema neno. Ana roho mbaya kwa namna nyingi.

Dada akaondoa shuka, akaziwasha zote mbili kwa pamoja. Taa hazikuzimika. Akasimama anazisikiliza tu, mkono juu ya moja. Kisha akanigeukia, akanipa ufunguo wa akiba. Akasema nitakuwa nafungua asubuhi, saa moja na nusu, na nisichelewe. Akaniita mdogo wangu.

Nimetoka nje nikalia nyuma ya mapipa ya rangi. Nimeapa. Sitapanga tena jambo lolote. Nimekuwa mtu mpya, nimeyaandika hapa ili yabaki.

Jumatatu, 24 Machi

Nafungua kila siku kwa wakati. Asubuhi hakuna mteja, kwa hiyo ninasoma kurasa za sera zilizobandikwa ukutani kujielimisha tu. Ile sera ni nzuri mno, watu hawaisomi mpaka mwisho. Ukurasa wa tisa una kifungu cha wabunifu waliofikisha miaka sitini. Waombaji ni wachache, karibu wote wanapita. Na ile adhabu ya miaka mitatu iko juu ya jina langu, haiko juu ya ukoo.

Mama ana miaka sitini na mitatu. Kampuni yake inaitwa Ushauri Janja: mtu anatuma shida yake kwa simu, akili bandia inamjibu atulie. Hajui bado kwamba ni mkurugenzi. Nitamwambia fomu ikishapita.

Penye anwani nilikwama kidogo. Kisha nikakumbuka kwamba dada si mwombaji tena, ameshapewa, kwa hiyo kifungu cha anwani hakimhusu. Sikukisoma upya, miwani ilikuwa nyumbani. Nikaandika chumba namba saba. Aibu ilinishika wakati naandika, ikapita kabla wino haujakauka.