Siku Tisa za Mama Mkwe Boca Chica

Jumanne, 4 Machi
Tumekwama siku ya sita. Ya sita! Mama mkwe wangu, Doña Eulalia, amemwekea Bikira nadhiri kwamba atatia miguu baharini Boca Chica asubuhi tisa mfululizo ili goti lake lipone. Ikikatika moja, anaanza upya. Alikuja kwetu kwa siku kumi. Hii ni wiki ya tano.

Leo tumefika kizuizini, barabara ya ufukweni imefungwa mpaka jioni. Roketi inajaribiwa. Na nani kashika kibao? Rogelio, shemeji yangu, mwanawe wa kuzaa, ndani ya kizibao kipya kinachong'aa. Nikamwambia shemeji, huyu ni mama yako, tupishe dakika tano tu. Akasema hata angekuwa Bikira mwenyewe, arudi kesho. Mama mkwe akakisifu kizibao kwa jinsi kilivyomkaa. Kisha akanigeukia mimi na kuniuliza mbona naendesha polepole hivyo.

Kiti changu kakikalia yeye. Besiboli sijaiona tangu mwezi uliopita, maana saa hiyo ni ya tamthilia. Mimi nipo kwenye kiti cha plastiki, kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Lazima amalize siku tisa aende kwake. Lazima.

Alhamisi, 6 Machi
Hesabu mpya: siku ya pili. Wazo limenijia nikinyoa ndevu. Kwa nini tuifuate bahari wakati bahari inabebeka? Wakifunga tena, tunayo akiba nyumbani! Nikaenda Isla, kisiwa cha jirani, nikajaza ndoo nne, nikazimimina kwenye bwawa la plastiki uani. Nikatupia na kombe moja kwa heshima.

Mama mkwe akachovya kidole, akaonja. Akasema haya ni maji ya Isla, yana ladha ya mafuta ya watalii, na Bikira si mjinga. Nikayamwaga kwenye bustani. Sikukumbuka kuwa pale ndipo ilipo mipilipili ya Nelda. Mke wangu hajanisemesha tangu saa kumi.

Jumapili, 9 Machi
Siku ya tano. Baada ya misa nikambana padre pembeni. Nikamuuliza kama "mfululizo" haiwezi kumaanisha mfululizo wa siku ambazo barabara iko wazi. Akasema Mungu hahesabu kama polisi. Nikamletea mama mkwe habari hiyo mbio mbio. Akasema padre bado mtoto, nirudi kumuuliza akishapata magoti.

Tukila nyama ya barbakoa, Nelda akamuuliza mama yake kama hapakumbuki kwake Raymondville. Akajibu kwamba tangu mzee afariki, kule anayemjibu ni redio peke yake. Nikaona niokoe jahazi. Nikaahidi kumnunulia redio kubwa zaidi. Nelda akanikanyaga mguu, sijui kwa kosa gani.

Jumanne, 11 Machi
Siku ya saba, safi kabisa. Kisha tangazo la kaunti likatoka. Ufukwe utafungwa kesho Jumatano kuanzia saa sita mchana. Alhamisi utafungwa kutwa, kuanzia saa moja asubuhi. Na mbele ya hiyo Alhamisi wameandika: akiba.

Kesho asubuhi tutawahi. Lakini Alhamisi ndiyo ya tisa! Nimelisoma tangazo mara tatu, nikaelewa. Akiba maana yake wana roketi ya pili stoo. Moja kesho, nyingine keshokutwa. Watu hawa hawana haya.

Dawa ninayo. Mashua ikiingia eneo walilopiga marufuku, hawawezi kurusha. Nikiwavuruga ya kwanza, moyo wa kuitoa ya pili watautoa wapi? Kompadre Nieves, jirani yangu, kanikubalia mashua yake. Hakuuliza kitu, kasema tu nisirudi bila samaki.

Jumatano, 12 Machi
Siku ya nane imepita salama. Alasiri nikaingia baharini, kofia mpaka kwenye nyusi, ndoana majini kwa ajili ya macho ya watu. Mara helikopta juu. Mara boti ya walinzi, na kipaza sauti kinaniita bwana mwenye kofia. Nikajifanya kiziwi dakika arobaini. Mwisho wakanisogelea wakataka jina. Nikawapa la Rogelio.

Roketi haikuruka! Imebaki imesimama pale kama imesusiwa. Nimelala kifudifudi kitandani huku nikicheka peke yangu. Samaki sikupata.

Alhamisi, 13 Machi
Barabara imefungwa.

Rogelio alinieleza taratibu, kama anayemweleza mbuzi. Roketi ni moja. Akiba ni siku, si roketi. Ingeruka jana, leo tungepita bila kuulizwa. Lakini kuna mpumbavu aliingiza mashua, na mpumbavu huyo katoa jina lake yeye, na jana mabosi walimweka kitako mpaka giza wakimuuliza aliwezaje kuwa barabarani na baharini kwa wakati mmoja. Akanitazama muda mrefu. Nikawatazama ndege.

Nilidhani mama mkwe atalia. Siku ya tisa! Yeye akanipigapiga begani, akasema nisihuzunike, tutaanza upya, kuna haraka gani. Imani ya namna hiyo sijawahi kuiona.

Ijumaa, 14 Machi
Nimegundua jambo la kusikitisha. Simu ya mama mkwe ililia mezani nikaichungulia: matangazo ya kufungwa kwa ufukwe yanamfikia yeye moja kwa moja, kabla hata ya Rogelio! Kajiandikisha mwenyewe tangu Januari. Maskini, miaka themanini na moja, halafu habari mbaya zinamfuata mpaka mfukoni.

Kwenye kalenda ya jikoni kazungushia siku zote za roketi wino mwekundu. Kasema ataanza Jumapili. Nikahesabu, nikaona hatari. Akianza Jumapili, ya tisa inaangukia Jumatatu ya wino mwekundu. Akianza kesho, anamaliza siku moja kabla. Nikamwonyesha kwa kidole. Akasema Bikira hapendi kuharakishwa. Nelda alicheka mpaka akatoka jikoni, mipilipili nadhani kashaisamehe. Kisha muziki wa tamthilia ukaanza, na mama mkwe akakimbia sebuleni kuwahi kiti. Akakimbia! Na goti lile! Maumivu yake sipendi hata kuyafikiria.

Nimeguswa sana. Nimemfuata, nimemwapia mbele ya Nelda kwamba hatoki nyumba hii mpaka azimalize zote tisa, hata ikichukua miaka. Kanibusu kwenye paji la uso, mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. Kesho naenda kwa Nieves kuomba mashua kubwa zaidi.