Begi la Diki Laondoka Kabla ya Diki

Jumapili, Machi 31

Imethibitishwa. Mwanangu Diki atawaongoza wageni sita kutoka hapa Khumjung hadi maziwa ya Gokyo, kisha wavuke upenyo wa Renjo, mita elfu tano na mia tatu na ushee. Kuongoza, si kusaidia. Msichana wa kwanza wa kijiji hiki. Nimewaambia watu kumi na wanne tu, maana sipendi majigambo.

Bosi wake, Bwana Chhultim, alipiga simu kutoka Kathmandu. Amesema hii ni safari ya majaribio. Wageni wote wakirudi salama na wakaandika mazuri, Diki anapewa msimu mzima wa vuli. Wasiporudi vizuri, msimu anapewa Nuru, ambaye safari hii ni msaidizi wake. Nuru ni kijana mzuri, siwezi kusema uongo. Tatizo ni mama yake. Leo bombani Mama Nuru kaniuliza kama kweli Diki atafika Renjo na miguu ile mifupi. Nikamwambia miguu mifupi ni ya watu wasioanguka, shoga yangu, mrefu ndiye anayeanguka kutoka mbali. Akacheka. Sikupenda alivyocheka.

Jumatatu, Aprili 1

Nimekwenda kwa lama, kuhani wetu, kuuliza siku njema ya safari. Mambo mabaya. Wageni wanaondoka Ijumaa, na Ijumaa ni siku adui kwa aliyezaliwa mwaka wa Sungura, kama Diki. Siku yake njema ni Alhamisi. Nikamwomba lama aangalie tena. Akaangalia. Nikamwongezea kipande cha siagi, akaangalia mara ya tatu. Bado Ijumaa ni adui. Lama wetu ni mwaminifu kupita kiasi.

Nikamwambia Diki asogeze safari. Akasema wageni wana tiketi za kurudi kwao, na ndege haisomi kalenda ya lama. Basi tutafanya kama wazee walivyofanya: kitu cha Diki kitatoka Alhamisi badala yake, kilale katika nyumba nyingine iliyo upande anaokwenda. Hapo safari inakuwa imeshaanza. Ijumaa ikija kumtafuta inakuta ameshatoka. Diki hakubisha. Kasema nipeleke soksi moja, inatosha.

Lakini upande wa kaskazini, mbele ya nyumba yetu, kuna nyumba moja tu. Ya nani? Ya Mama Nuru.

Jumanne, Aprili 2

Vifaa vimefika. Begi kubwa la njano, jina la kampuni limeandikwa pande zote mbili, linasomeka hata ukiwa ng'ambo ya bonde. Ndani kuna dawa za ugonjwa wa mlima, simu ya setilaiti, buti mpya za Diki, orodha ya wageni na maradhi yao, na kidude kidogo cha kubana kidole.

Hicho kidude kimenishangaza sana. Unakibana kwenye kidole, kinawaka taa nyekundu, kinakuambia damu yako imebeba hewa kiasi gani. Kimejuaje bila kutoboa? Diki kasema ni mwanga unapita kwenye nyama. Nikabana changu: themanini na sita. Nikabana cha paka, akanikwaruza. Nikabana kiazi. Hakikusema kitu, kwa hiyo ni kidude chenye akili.

Mama Nuru akapita kuazima ungo. Nikambana na yeye, kwa nia njema, nimwoneshe maendeleo. Tisini na mbili. Nikasema kimeharibika. Diki kasema hakijaharibika, ila mimi nimekaa Kathmandu kwa mama mdogo tangu Novemba, nimerudi juzi tu, mwili umezoea chini. Akaniambia, mbele ya mgeni, nisipande juu zaidi ya hapa kwa wiki mbili, na kwamba kichwa kikiuma nimwambie. Mimi. Niliyechunga yaki, ng'ombe wetu wa manyoya marefu, huko juu Machermo kabla hajazaliwa. Mama Nuru akaniambia pole dada, umekuwa mtu wa mjini.

Jumatano, Aprili 3

Diki ameteremkia Namche kukaa na wageni wake. Kaondoka na kibegi kidogo na raba zake, maana huko kuna zahanati na kila kitu. Begi la njano kaliacha nyumbani, atalipitia Ijumaa asubuhi. Kanikumbusha mara tatu: mama, soksi. Soksi tu.

Nami nikateremka Namche kununua chumvi. Chumvi ninayo. Nilitaka kuwaona.

Watu wa ajabu na wapole. Wana mrija unaotoka mgongoni, wananyonya maji wakitembea kama ndama. Mama mmoja anahesabu hatua zake kwa saa ya mkononi. Nilimuuliza Diki zikitimia anapewa nini, akasema hapewi kitu. Kesho watapanda hadi juu ya Namche, wakae saa moja, kisha washuke walale palepale. Nikauliza kwa nini wapande kama hawaendi. Diki kasema mwili unafundishwa polepole, panda juu ulale chini. Jambo la kufikiria. Sisi hatukufundishwa, tulizaliwa tu tukatumwa kuokota kinyesi cha yaki.

Kuna mzee wa Kiholanzi, Joop, mwalimu mstaafu. Mcheshi. Kila akiulizwa hali anasema nzuri sana, na anajishika kisogo. Nilimpenda.

Alhamisi, Aprili 4

Siku njema. Nimeamka nikaitafuta soksi.

Nimesimama na ile soksi mkononi nikafikiri. Mwanangu wa pekee, kiongozi wa msafara, safari yake ianzwe na soksi, tena yenye tundu? Mama Nuru angeizungumza mpaka vuli. Na safari ikianzwa na soksi, baraka nazo si zitakuwa za soksi? Nikabeba begi lote. Nikapita njia ndefu, ile ya katikati ya kijiji, jina la kampuni likiangalia watu.

Nilichukua chupa ya pombe ya mchele, siagi mdomoni mwa chupa, kama inavyotakiwa mtu akienda kuomba. Akishakunywa hawezi kukataa, ndiyo desturi. Mama Nuru anaijua desturi vizuri. Alificha bilauri zote. Nikamwambia kunywa dada, kidogo tu. Kasema tumbo. Nikamwambia kunywa, ni ya mchele mzuri. Kasema sema kwanza shida yako. Tulivutana mpaka chai ikapoa. Mwisho nilimmiminia kwenye kifuniko cha birika na kusifia viazi vyake, ambavyo kusema kweli ni vidogo, na akanywa.

Nikamwambia begi lilale kwake usiku mmoja. Akaliangalia. Akauliza, lote? Mbona wenzio huleta kitambaa? Nikasema sisi hatufanyi mambo nusunusu. Nikaliweka karibu na mlango ili wapitao walione.

Nimelala nikiwa nimeridhika.

Ijumaa, Aprili 5, Machermo

Mwandiko huu unapanda wenyewe, msinilaumu.

Asubuhi nilikwenda kuchukua begi. Halipo. Mama Nuru kasema labda Baba Nuru. Baba Nuru kila wiki anapeleka mchele na mafuta ya taa Machermo mgongoni mwa yaki wake, na leo alitoka alfajiri. Kaona begi la njano la kampuni mlangoni, kadhani ni mzigo wa wageni, kalifunga juu ya yaki. Nilimuuliza Mama Nuru yeye alikuwa wapi mumewe akifunga. Kasema alikuwa amelala, kwa sababu ya pombe yangu.

Diki akafika na wageni wake saa tatu. Akauliza begi liko wapi. Nikamwambia limetangulia, ni mpango, baraka zinasafisha njia. Hakupandisha sauti. Kauliza, na dawa? Nikasema nazo zimetangulia. Na buti? Nazo. Wageni wakaangalia raba zake. Yule mama wa hatua akapiga picha.

Diki akakaa juu ya ukuta wa mawe kidogo. Kasema leo atakwenda nao mpaka Dole tu, polepole, na Nuru atangulie mbio alifuate begi. Hapo moyo ukanipasuka. Nuru aliokoe begi? Bwana Chhultim asikie kuwa Nuru ndiye aliyeokoa begi? Nikamwambia Diki msaidizi hamwachi kiongozi, mimi ninaijua njia, nitalifuata mwenyewe na kulirudisha Dole kabla ya chai ya jioni. Akasema hapana, mama. Akasema mara mbili. Wageni wakamwita kuhusu choo, akageuka. Nikaondoka.

Nimetembea kwa muda wa saa saba sijakaa. Niliwapita wapagazi vijana wawili, wakaniuliza bibi unakimbizwa na nani. Baba Nuru nimemkuta Machermo anashusha mizigo. Begi ninalo, nimelikalia. Kulirudisha Dole leo haiwezekani, miguu imekataa. Diki ametuma salamu kwa mpagazi: nisiondoke nilipo, anakuja kesho asubuhi na mapema.

Kichwa kinagonga kidogo. Ni jua. Nimetapika, ni siagi ya hapa, si nzuri. Nimetapika tena. Ni siagi ileile.

Jumamosi, Aprili 6, Phortse Tenga

Niandike kama ilivyokuwa.

Diki alifika na Nuru na wageni wote kabla ya saa sita. Nilimkabidhi begi nikiwa nimekaa, kwa sababu nikisimama nyumba ilikuwa inasogea. Hakushukuru. Alifungua, akatoa kile kidude, akanibana kidole. Sitini na saba. Akaniambia nitembee juu ya mstari wa ubao sakafuni. Nikatembea. Ubao ulikuwa umepinda. Nuru kasema haujapinda.

Diki kasema unashuka sasa hivi. Nikamwambia nitapumzika, nile supu, nishuke kesho. Nikamnong'oneza kwamba watu wanaangalia, nitauweka wapi uso wangu, na Baba Nuru yupo, atamsimulia mkewe. Akajibu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ya taratibu kabisa. "Mama, hapa mimi si mwanao. Mimi ndiye kiongozi. Hapa watu wanakufa zaidi kwa aibu kuliko kwa baridi. Vaa viatu."

Nikavaa.

Diki alikuwa bado amepiga magoti ananifunga kamba za viatu. Ndipo mzee Joop akainua mkono, kama yuko darasani kwake. Kasema na yeye kichwa kinamuuma. Tangu lini? Tangu Namche. Alificha asirudishwe, ni safari aliyoisubiri miaka kumi na moja. Akasema kama mama wa kiongozi, mzaliwa wa hapahapa, anashuka, basi yeye ni nani. Diki akambana kidole. Sitini na tisa, na midomo ya bluu. Nuru kasema baadaye kwamba mzee yule angelala pale usiku ule, asubuhi wangekuwa wanaita helikopta, au wanaita lama.

Tukashuka sote wawili, Baba Nuru katikati ametushika mikono kama watoto. Nimemtapikia kiatu kimoja. Yeye kasema viwili. Tulipofika hapa chini kwenye miti kichwa kikafunguka kama mtu kafungua dirisha. Joop naye akaanza kupiga mluzi. Jambo la ajabu sana. Hewa ni ileile, haina rangi wala harufu, na bado chini ipo na juu haipo. Joop alinieleza kwa mikono kwa nini. Sikuelewa, lakini alieleza vizuri.

Usiku huu nawaza ile sauti ya Diki. Sijui kaitoa wapi. Labda kwangu.

Jumapili, Aprili 14

Wote sita salama. Watano walivuka Renjo kukiwa kweupe, na Joop, niliyemlisha viazi nyumbani kwangu siku nne, alipita njia ya chini akawapokea Thame, ng'ambo ya upenyo. Bwana Chhultim amepiga simu. Joop ameandika kurasa tatu za sifa, na zote kuhusu ile asubuhi ya Machermo. Bosi kasema kiongozi anayeweza kumshusha mama yake mzazi anaweza kumshusha mtu yeyote. Msimu wa vuli ni wa Diki. Nuru kampongeza kwa moyo safi, hata mama yake kaleta jibini.

Diki kanikalisha jikoni jana. Kaongea nami nusu saa. Kasema nimwahidi mambo mawili: nisiguse begi lake tena, na nisipande bila kuzoea. Kasema aliogopa. Akalia kidogo, nami nikalia, tukanywa chai. Nikaahidi yote mawili, kwa dhati.

Leo bombani nimewaeleza wenzangu ilivyokuwa. Kwamba nilimwona yule mzee Namche anavyojishika kisogo, nikajua anaficha. Kwamba nilipanda mbio makusudi, nijifanye mgonjwa mbele yake, apate moyo wa kusema. Mama Nuru kauliza kama na kutapika nilijifanya. Nikamwambia hiyo ndiyo ilikuwa ngumu zaidi. Kacheka mpaka ndoo ikamwagika. Wivu.

Nimepita kwa lama kimyakimya kuuliza ya vuli. Msafara unaondoka tena Ijumaa. Inaonekana ile Ijumaa inatufuata makusudi. Lakini kosa nimeshalijua: begi halikupaswa kulala kwa Mama Nuru. Vuli hii, Alhamisi alfajiri, nitalibeba mwenyewe mpaka Machermo, siku moja, bila kupumzika, na nitabeba siagi yangu.