Zoezi la Kupima Pengo

Ifahamike kwa wote, tangazo lilisema, kwamba kiwanda chetu cha sabuni kimeazimia kunusurika. Njia iliyopatikana ni ya kisayansi: kila mtumishi, bila kujali cheo, atakaa nyumbani siku tatu. Pengo likionekana, abaki kazini. Lisipoonekana, yeye ni pambo, na barua ya kwaheri itamfuata.

"Na nikishasaini, hakuna rufaa," Mkurugenzi aliongeza.

Bi Faili, karani wa masjala, ndiye aliyeuchapa mkosi huo kwa vidole vyake mwenyewe.

Alianza fundi wa boila. Kufika saa nne, sabuni imekuwa uji. Fundi akabaki. Akafuata mfagiaji, siku ya pili Mkurugenzi akateleza kwenye povu, akaketi chini mbele ya wageni bila kukaribishwa. Mfagiaji naye akabaki, tena kwa heshima zote.

"Jumatatu zamu yako, Bi Faili," Mkurugenzi akasema, akijikanda kiuno. "Mimi binafsi, miaka yote hii, sijawahi kukuhisi."

Loo! Nani atalilia faili? Na mama wa watu alibakiza mwaka mmoja tu astaafu.

"Kaka, mimi kwisha habari yangu," alimwambia mlinzi wa getini.

"Tulia, dada. Tangazo si ulichapa wewe? Hebu lisome tena."

Wiki hiyohiyo Mkurugenzi akaenda semina ya siku tatu kuhusu uhai wa taasisi. Bi Faili, mtu wa utaratibu, akamjazia fomu ya zoezi, bila kujali cheo. Siku ya kwanza: hakuna kikao, katoni mia mbili zaidi. Siku ya pili: hakuna kikao, malori yameondoka asubuhi badala ya jioni. Siku ya tatu: mfagiaji ameimba. Pengo: halikuonekana.

Mkurugenzi aliporudi alikuta lundo la barua. Akazisaini zote huku anaongea na simu, maana kusoma, kwa maneno yake, ni kazi ya ngazi za chini.

Kesho yake geti halikufunguliwa.

"We! Hunijui?"

"Nakujua sana, mzee. Barua yako hii hapa."

Hiyo aliisoma. "Mpumbavu gani kasaini hii?"

Mlinzi akainama, akaitazama sahihi. "Mkurugenzi," akasema kwa upole. "Na yule akishasaini, hakuna rufaa."

Jumatatu Bi Faili aliwahi kazini. Hakukuwa na wa kumwambia abaki nyumbani.